Siku saba Pantelleria, kisiwa cha zabibu na upepo

Siku ya kwanza, Jumamosi

Meli tuliyopanda Trapani usiku ilifunga gati Pantelleria alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza, na kilichotupokea kwanza ni weusi: mawe meusi ya pwani, na nyuma yake ngome kongwe ya Barbacane iliyojengwa kwa mawe yale yale ya lava. Dada yangu, ambaye anaishi Palermo na ndiye aliyenishawishi kuja, alinisihi nisikipime kisiwa kwa mji wake wa bandari. Katika Vita vya Pili vya Dunia mji huo ulipigwa mabomu mfululizo hadi kisiwa kikasalimu amri tarehe 11 Juni 1943, na nyumba nyingi zinazoonekana leo karibu na gati zimejengwa baada ya hapo.

Pantelleria ni kisiwa cha Italia, kina ukubwa wa kilomita za mraba 83 hivi, na kimo katika eneo la Sisili. Hata hivyo ukitazama ramani utaona kwamba kiko karibu zaidi na Tunisia, umbali wa kilomita zipatazo 70, kuliko Sisili, ambayo iko mbali kwa kilomita 100 na ushei. Waarabu walikitawala kwa muda mrefu kabla ya Wanormani kukitwaa mwaka 1123, na walipoondoka waliacha maneno yao kila mahali. Tukiwa njiani kuelekea upande wa kusini-magharibi, nilikuwa nikisoma vibao vya barabarani kama mtu anayesikia sauti za jamaa zake katika chumba cha jirani: Khamma, Gadir, Rekhale, Bukkuram. Jina la kisiwa chenyewe, wengi husema, latokana na Bent el-Rhia, na hapo sikuhitaji mkalimani, kwa kuwa hata kwetu binti ni binti. Binti wa upepo.

Tumepanga nyumba juu ya kijiji cha Scauri. Nyumba za namna hii huitwa dammuso: kuta nene mno za mawe ya lava, madirisha madogo, na paa la kuba lililopakwa chokaa. Kuba hizo hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kisiwa hakina mito, hivyo kila tone la mvua lililoangukia paa lilielekezwa kwenye mfereji na kushuka katika birika lililochimbwa ardhini. Mbele ya nyumba kuna benchi la mawe lililoshikamana na ukuta, nalo wenyeji huliita ducchena. Dada alipolitamka neno hilo nilishtuka kidogo, maana linasikika kuwa ndugu wa dukkan ya Waarabu, ambayo sisi tuliipokea ikawa duka. Huku neno limebaki na maana yake ya kukaa. Kwa macho yangu lilikuwa baraza, na hapo ndipo tulipoketi hadi magharibi, tukilitazama jua likizama upande wa Afrika. Hewa ilikuwa safi, na kwa dakika chache kabla ya giza tuliuona mstari mwembamba wa buluu juu ya upeo wa bahari, nao ulikuwa nchi kavu ya Tunisia.

Siku ya pili, Jumapili

Anayekuja Pantelleria akitafuta fuo ndefu za mchanga mweupe atakuwa amekosea njia, na ni vizuri akalijua hilo kabla ya kulipa nauli. Kisiwa chote ni mlima wa volkano uliochomoza kutoka baharini, na pwani yake ni mawe: mabamba ya lava yaliyolala kama meza, vidimbwi kati ya miamba, ngazi za chuma zinazoshuka moja kwa moja kwenye kina. Viatu vya mpira ni vya lazima. Ufuko laini tuliupata leo tu, nao hauko baharini.

Ni ziwa lililo ndani ya bonde la volkano kaskazini mwa kisiwa, na jina lake ni Specchio di Venere, yaani Kioo cha Zuhura. Hadithi ya kale inasimulia kwamba Zuhura, mungu wa kike wa Warumi, alikuwa akijitazama katika maji haya kabla ya kwenda kuonana na Bakko, mungu wa mvinyo. Ukisimama barabarani juu ya bonde, unaona duara la maji lenye rangi tatu: jeupe kama maziwa pembezoni, kisha rangi ya feruzi, na katikati buluu iliyokolea. Pembeni huchemka chemchemi za maji moto, na ukitembea ndani ya ziwa miguu inahisi sehemu ya baridi, kisha ghafla ya moto, kisha baridi tena.

Watu huja kwa ajili ya tope. Tulilichota kwa viganja chini ya maji, tope la kijivu, laini kama unga uliokandwa kwa mafuta, tukajipaka mwili mzima na kukaa juani hadi likakauka. Linapokauka huivuta ngozi polepole, likaanza kupasuka kwenye viwiko na magoti, na wakati huo ndipo unaporudi majini kuliosha. Karibu yetu familia moja yenye bibi, mama na wajukuu ilikuwa imeketi mstari mmoja, wote kijivu, wote kimya. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliwaona watoto wametulia kiasi hicho.

Siku ya tatu, Jumatatu

Usiku kulivuma maestrale, upepo wa kaskazini-magharibi, na asubuhi bahari iliyo chini ya Scauri ilikuwa imechafuka vibaya. Nilidhani siku imepotea. Mama mwenye nyumba, ambaye tunamwita Signora kwa heshima ya umri wake, alikuja na bakuli la tini na kututoa wasiwasi. Alisema mtu wa hapa hajiulizi leo aende ufuko gani, bali hujiuliza upepo unatoka wapi. Ukivuma maestrale, unahamia upande wa mashariki. Ukivuma scirocco kutoka kusini-mashariki, unarudi magharibi, na daima kuna upande mmoja wa kisiwa ambao bahari yake imelala.

Tukafuata ushauri wake hadi Cala Levante. Kweli maji yalikuwa yametulia, na ni ya wazi kiasi kwamba niliona kivuli changu kikitembea juu ya mawe ya chini mita kadhaa. Kando ya hapo kuna Arco dell'Elefante, mwamba wa lava ulioinama kuingia baharini mfano wa tembo aliyeshusha mkonga kunywa maji. Nimeona picha zake nyingi, lakini picha hazionyeshi jinsi jiwe lilivyo na mikunjo kama ngozi, wala jinsi wimbi linavyopita chini ya mkonga na kutoa sauti ya kumeza.

Jioni tulipitia Khamma kuona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma kwa mashaka. Wenyeji huita jardinu: ukuta wa mviringo wa mawe yaliyopangwa bila saruji, mrefu kumpita mtu mara mbili, wenye mlango mdogo mmoja, na ndani yake hakuna nyumba wala zizi, umo mti mmoja tu wa mchungwa. Jengo zima la mawe kwa ajili ya mti mmoja. Jardinu tuliyoiona ilikabidhiwa mwaka 2008 kwa FAI, taasisi ya Italia inayohifadhi urithi, nayo imeitunza vizuri. Ukiinama na kuingia, upepo unakatika papo hapo, kama mtu aliyefunga mlango nyuma yako. Hewa ni ya baridi na ina harufu ya majani ya mchungwa. Ukuta huuzuia upepo usiuvunje mti na kukausha majani yake, huupa kivuli, na usiku mawe yakipoa hukusanya umande ambao hudondokea ardhini. Kabla ya leo sikuwahi kuona upendo wa mkulima kwa mti ukiwa umejengwa kwa mawe.

Siku ya nne, Jumanne

Siku hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikielewe kisiwa.

Jirani wa Signora ni mzee mwenye mashamba ya mizabibu kwenye matuta ya juu, na alikubali twende naye alfajiri. Nilipofika shambani nilitafuta mizabibu nisiione. Nilikuwa nimezoea kuona katika picha mizabibu iliyopanda kwenye nyaya, safu baada ya safu. Hapa kila mzabibu umekaa ndani ya shimo lake, bakuli pana la udongo lenye kina cha sentimita 20 hivi, na matawi yake yametawanyika kandokando kama miguu ya pweza, hayafiki hata magotini. Upepo unapita juu ya shamba zima bila kugusa kitu. Mvua kidogo inayonyesha hujikusanya ndani ya bakuli, na umande vilevile. Mzee alituonyesha jinsi anavyopogoa: shina kuu huachwa fupi, na kutoka hapo huchaguliwa matawi sita yanayotazama pande zote. Kilimo hiki, ambacho Waitalia hukiita alberello, kiliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, lakini mzee hakulitaja hilo hadi dada alipomuuliza. Yeye alitaja mgongo wake. Mashine haiwezi kupita kwenye matuta haya membamba, kwa hiyo kila kazi, kuanzia kulima hadi kuvuna, hufanywa na mtu aliyeinama.

Akaniuliza, kupitia kwa dada, sisi kwa lugha yetu tunda hili tunaliitaje.

“Zabibu,” nikajibu.

Alisimama wima, mkono kiunoni, akalirudia neno mara mbili. Kisha akakipiga kofi dogo kishada alichokishika na kusema, “Zibibbo!” Ndilo jina la aina ya mzabibu unaopandwa kisiwani, ambao kwingineko hufahamika kama Muscat of Alexandria. Kwa Kiarabu zabib ni zabibu iliyokaushwa. Watu wa hapa walilifanya jina la mmea, na sisi tukalifanya jina la tunda, bichi na kavu. Tangu dakika hiyo mzee hakuniita tena mgeni. Kila alipotaka nije nione jambo alipaza sauti, “Zabibu!” nami nikaenda.

Kazi yenyewe iko kwenye chanja. Vishada vya kwanza huvunwa mwezi Agosti na kuanikwa juani, sehemu iliyozungushiwa ukuta na kuelekea kusini, kwa wiki mbili, tatu au zaidi kutegemea hali ya hewa. Mzee alinifundisha kuvigeuza. Unakishika kishada kwenye kikonyo, unakilaza upande wa pili taratibu, na unaondoa kwa vidole punje iliyopasuka kabla haijawaharibu wenzake. Punje zilizoanikwa karibuni bado ni za dhahabu na zimejaa. Za wiki ya pili zimeanza kunywea na kuwa za rangi ya shaba. Zilizoiva kukauka ni za kahawia, zina mikunjo, na ukizibonyeza hazitoi maji bali utomvu mzito unaonata. Zimekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Nilifanya kazi hiyo kwa saa mbili, na vidole vyangu vilinukia asali hadi usiku. Jioni chanja zote hufunikwa turubai ili umande usizilowanishe, na kila asubuhi hufunuliwa.

Mwezi Septemba huvunwa zabibu nyingine, zile zilizoachwa mtini, na kukamuliwa. Maji yake yanapoanza kuchacha ndipo zile kavu, zikiwa zimeondolewa vikonyo, huongezwa ndani kwa awamu, zikiachia sukari na harufu yake yote. Hivyo ndivyo mvinyo wa passito unavyopatikana, na Passito di Pantelleria ina hadhi ya jina linalolindwa na sheria ya Italia tangu mwaka 1971. Mzee alitumiminia wa mwaka uliopita katika glasi ndogo, chini ya kuba la ghala. Rangi yake ni ya kaharabu. Unanukia aprikoti iliyokaushwa, tini, na kitu kama ua la mchungwa. Ukiuonja ni mtamu sana mwanzoni, halafu mwishoni hutokea ukali mwembamba na ladha ya chumvi, kana kwamba bahari imekumbuka kuingia. Huu si mvinyo wa kunywa kwa kiu. Tuliumaliza ule wa glasi ndogo kwa karibu saa nzima, pamoja na jibini bichi na lozi, na sikutamani kuongezewa.

Siku ya tano, Jumatano

Mapumziko. Asubuhi tulipanda kwa gari hadi karibu na kilele cha Montagna Grande, chenye kimo cha mita 836, ambako kuna misonobari na ukungu, na baridi iliyotulazimisha kuvaa masweta. Mlima huu na sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2016. Tuliingia pia katika pango la Benikulà, ambamo mvuke wa volkano hutoka kwenye nyufa za mwamba. Ukikaa dakika kumi unatokwa jasho kama umekimbia.

Chakula cha mchana kilikuwa saladi ya hapa, viazi vya kuchemsha, nyanya, vitunguu vyekundu, zeituni, na kapero, yaani vichomozo vya maua ya kichaka kinachoota kwenye kuta za matuta, vinavyohifadhiwa kwa chumvi ya bahari. Tuliteremshia kwa mvinyo mkavu wa zibibbo, baridi, mwepesi, unaonukia utamu usiokuwamo. Baada ya hapo nililala kwenye ducchena hadi alasiri.

Siku ya sita, Alhamisi

Tulizunguka kisiwa kwa mashua. Hili ningemshauri kila mgeni alifanye, ila asilifanye siku ya kwanza. Laiti ningeliona haya Jumamosi, ningeona miamba tu. Leo nilipotazama kutoka majini nilitambua kwamba mistari inayozunguka kila mlima, juu hadi mawinguni, ni kuta, kilomita kwa kilomita za kuta zilizopangwa kwa mkono, na ndani ya kila ngazi kuna mizabibu iliyojificha na mizeituni iliyopogolewa ikalala chini kama vichaka.

Upande wa kusini kuna majabali ya Salto La Vecchia, na chini yake bahari ni ya rangi ya wino. Nahodha alizima injini karibu na Balata dei Turchi, bamba la mwamba lililoteremka hadi majini. Katika maeneo hayo hupatikana obsidiani, kioo cheusi cha volkano ambacho watu wa kale walikuja kukitafuta ili watengeneze visu. Tuliogelea hapo muda mrefu. Nilielea chali, masikio ndani ya maji, nikisikia tu mlio wa vijiwe vikisugua chini, na juu yangu mwewe wawili wakizunguka kwenye ukingo wa jabali. Dada aliniita mara tatu nirudi mashuani. “Mdogo wangu, umekuwa gogo?” Nilimsikia mara ya kwanza, lakini sikutaka kujibu.

Siku ya saba, Ijumaa

Tulikuwa tuondoke leo mchana. Alfajiri tulishuka Gadir kuaga bahari, kwenye vidimbwi vya maji moto vilivyochongwa kando ya gati, ambavyo mtu hukaa ndani yake huku mawimbi baridi yakimrukia mabegani. Hata hapo niliona maji yanabadilika. Upepo ulikuwa umegeuka scirocco, wa joto, wenye vumbi, na anga upande wa kusini ilikuwa ya rangi ya udongo. Saa nne tukaarifiwa kwamba meli haitakuja hadi kesho. Signora hakushangaa hata kidogo. Alitandika upya kitanda tulichokuwa tumekivua mashuka, akasema binti wa upepo hapendi wageni waondoke bila kuagana naye.

Alasiri mawingu yalijaa, na tukasikia mzee akiita kutoka matuta ya juu. Mvua ikizinyeshea zabibu zilizo kwenye chanja, kazi ya wiki tatu huoza kwa siku mbili. Tulipofika, majirani sita au saba walikuwa wamekwisha kuja bila kuombwa. Tuliyakunjua maturubai, wawili wawili, kila mtu akishika pembe, na upepo ukayajaza kama tanga kiasi kwamba mara moja nilihisi nyayo zangu zinaachana na ardhi. “Zabibu, jiwe!” akaniita mzee, nami nikachukua mawe kutoka kwenye rundo kando ya ukuta na kuyapanga kwenye ukingo wa turubai, moja baada ya jingine, mazito, meusi, yakiwa bado yana joto la jua.

Matone ya kwanza yalianguka tulipokuwa tukifunga chanja ya mwisho. Tuliingia wote ghalani tukahema. Mzee alihesabu vichwa, akatoa glasi, zikawa pungufu, mimi na dada tukanywa katika moja.